Barua ya wazi kwa NTSA: Miaka ya gari huhesabiwa, macho ya dereva hayaulizwi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA),
Nairobi.

Nakala: Waziri wa Barabara na Uchukuzi, Serikali ya Kaunti ya Kakamega.

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinajua kuhesabu miaka ya gari. Kinasema kila gari lililopita miaka 4 tangu litengenezwe lipelekwe kukaguliwa. Bandarini Mombasa hesabu ni kali zaidi: gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza haliingii nchini, na mwagizaji aliyekosea mwaka mmoja hubaki na machozi yake. Dereva hana wa kumhesabia. Mwalimu mstaafu wa Khayega aliyefaulu mtihani wa kuendesha Kenyatta akiwa Ikulu, Kenyatta baba si mwana, akitaka kuhuisha leseni leo huingia eCitizen, au humwita mjukuu mwenye simu nzuri, hulipa kwa M-Pesa, na safari inaendelea. Katika hatua zote hizo hakuna anayemuuliza kama bado anaona.

Kwa hiyo kila mara mzee anapopanda kibaraza cha duka na gari lake, mjadala huzuka upya. Wapo wanaotaka kibandiko nyuma ya gari, mfano wa ile herufi L nyekundu ya wanafunzi, ili wengine barabarani wajue mwenye usukani amepita miaka 70. Wapo wanaotaka kila aliyefika umri fulani arudi uwanjani kutahiniwa, mwaka baada ya mwaka. Mwandishi wa barua hii, mkazi wa Kakamega, anaona kibandiko kitaleta aibu bila faida, na mtihani wa umri utatumia nguvu nyingi mahali pasipohitaji. Ila kimya cha sasa ni kibaya kuliko vyote viwili. Kinachokosekana ni kitu kidogo cha bei nafuu: dereva apimwe macho kila anapohuisha leseni, na apimwe kila dereva, awe na miaka 25 au 85.

Kuwapima madereva upya si wazo geni hapa kwetu. Mwaka 2003 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa uchukuzi, alichapisha zile kanuni zilizobeba jina lake hadi leo na kuanza kutekelezwa Februari 2004. Wakenya wanazikumbuka kwa mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, sare za makanga na mstari wa manjano ubavuni mwa matatu. Wachache wanakumbuka kwamba ndani ya tangazo hilohilo kulikuwa na sharti lingine: kila dereva wa gari la abiria atahiniwe upya kila baada ya miaka miwili. Mstari wa manjano ulipakwa. Mtihani ulibaki kwenye gazeti rasmi la serikali. Baada ya lori kuua watu 52 pale Londiani, tarehe 30 Juni 2023, na ajali nyingine zilizofuata, ahadi ya kuwarudisha mtihanini madereva wa abiria na mizigo ilisikika tena kutoka wizarani. Mtu anaweza kusamehewa akisema ameshazizoea ahadi hizi.

Sababu ya mtihani kutoshika mizizi inajulikana na kila aliyewahi kuufanya. Wakaguzi ni wachache, watahiniwa ni wengi, na muda wa kila mmoja ni dakika chache. Na kuna ule ubao wenye mji wa kuchorwa: mizunguko, njia panda, reli, na kigari cha kuchezea ambacho mtahiniwa hukisukuma kwa kidole huku akieleza ni nani mwenye haki ya kutangulia. Mpelekeni mzee wa miaka 76 mbele ya ubao huo. Atakisukuma kigari vizuri kuliko mkaguzi, na pengine atamkumbusha mkaguzi kifungu alichokisahau. Sheria anazijua. Kilichompungua ni kumwona mtoto aliyevaa sweta la kijani kibichi anayevuka barabara ya Shinyalu saa kumi na mbili na nusu jioni, na ubao ule hauna jioni.

Haki itendeke kwa wazee kabla ya kuendelea. Takwimu za NTSA yenyewe zinaonyesha watu 4,324 walikufa katika barabara za Kenya mwaka 2023, na 4,748 mwaka 2024. Kundi kubwa la marehemu ni watembeao kwa miguu, wakifuatwa na wa pikipiki. Ajali zilizoiliza kaunti hii zinajulikana. Oktoba 10, 2018, basi lililotoka Nairobi likielekea Kakamega lilibingiria Fort Ternan na kuua zaidi ya watu 50. Agosti 2025, basi la waombolezaji lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic, katika barabara inayotoka Kakamega kuingia Kisumu, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Mazungumzo yaliyofuata misiba hiyo yalihusu safari za usiku, mwendo, mteremko na kona. Hakuna aliyeulizia mvi za dereva. Anayetaka kupunguza vifo mwaka ujao ana mahali pengi pa kuanzia kabla ya kumfikia mwalimu mstaafu wa Khayega na Corolla yake ya Jumapili.

Lakini tatizo dogo leo linaweza kukua, na hili linakua kwa sababu inayoonekana wazi. Hadi miaka ya 1980 gari la kibinafsi lilikuwa la daktari, la meneja wa Mumias Sugar, la kasisi wa misheni. Miaka ya 1990 magari ya mitumba kutoka Japani yakaanza kumiminika, na mwalimu, mwuguzi na mwenye duka la jumla naye akanunua. Aliyekuwa na miaka 40 wakati huo sasa amepita 70. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi nchini. Hiki ndicho kizazi cha kwanza cha Wakenya wa kawaida kuzeeka kikiwa na funguo za gari mfukoni, na nchi haijawahi kufikiria itafanya nini nacho.

Japani, yalikotoka magari yenyewe, imelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na historia yake ya kibandiko inafaa kusomwa kabla Mamlaka haijatamani kuiga. Kibandiko cha wazee kilianzishwa huko mwaka 1997. Kilikuwa na umbo la tone, rangi ya chungwa na manjano, na waliokusudiwa kukibandika walikichukia tangu siku ya kwanza. Mitaani kiliitwa jani lililopukutika. Mwaka 2008 serikali ikakifanya cha lazima kwa waliofika miaka 75, na anayekaidi atozwe faini. Kelele zikawa nyingi hivi kwamba mwaka uliofuata adhabu ikasitishwa, na mwaka 2011 likaja umbo jipya la jani la klova lenye sehemu nne, la kupendeza zaidi. Kisha Aprili 2019, katika mtaa wa Ikebukuro jijini Tokyo, mzee wa miaka 87 aliendesha kwa kasi hadi kwenye vivuko vya watu, akamuua mama na bintiye wa miaka 3. Mahakama ilisema alikanyaga mafuta badala ya breki. Kibandiko, cha tone au cha klova, hakingeuzuia mguu ule.

Kilichofuata ni cha kujifunza zaidi. Mwaka huohuo Wajapani wapatao laki 6 walirudisha leseni zao kwa hiari. Waliorudisha waliweza kupata cheti na nafuu ya nauli za basi na teksi. Waliweza kurudisha kwa kuwa, mijini angalau, treni ipo na inafika kwa dakika iliyoandikwa. Mzee wa Khwisero akirudisha leseni atapanda nini?

Jibu kila mtu analijua: boda boda. Hapo ndipo hesabu ya usalama inapogeuka kichwa chini. Mzee aliyenyang'anywa gari hataacha kwenda kliniki ya kisukari, wala hataacha kuzika rafiki zake, maana Jumamosi ya Magharibi ya Kenya ni ya matanga. Atapanda pikipiki, bila kofia au na kofia isiyofungika, katikati ya mvua ya alasiri ambayo Kakamega huipata karibu kila siku ya msimu. Nyonga ya mtu wa miaka 78 ikivunjika katika anguko ambalo kijana angeinuka na kujipangusa, mara nyingi huwa ndiyo mwanzo wa mwisho wake. Tutakuwa tumemtoa ndani ya chuma chenye milango minne na mkanda, tukamweka kwenye kiti cha nyuma cha mtu ambaye pengine hajawahi kuwa na leseni yoyote.

Hofu hii imeshapimwa kwingine. Mwaka 1996 mtafiti Liisa Hakamies-Blomqvist na wenzake walilinganisha Finland, iliyowalazimisha madereva wazee kupimwa na daktari mara kwa mara, na Sweden, isiyowalazimisha. Ajali za magari za wazee hazikutofautiana. Tofauti ilionekana kwa wazee waliokufa wakiwa nje ya magari: Finland walikuwa wengi zaidi. Denmark nayo ilianzisha kipimo cha akili na kumbukumbu kwa madereva wazee mwaka 2006. Watafiti walipoangalia matokeo miaka michache baadaye, ajali za wazee wakiwa kwenye magari hazikuwa zimepungua, huku vifo vya wazee waliokuwa nje ya magari, kwa miguu na kwa baiskeli, vikiwa vimepanda. Mwaka 2017 Denmark ikauondoa ulazima wa cheti cha daktari kwa sababu ya umri. Ikiwa hayo yalitokea nchi zenye njia za miguu na mabasi yenye ratiba, Kakamega isijidanganye.

Basi kwa nini barua hii isiishie hapo, iseme wazee waachwe? Kwa sababu ya barabara ya Webuye.

Yeyote asiyeijua aipitie jioni, kutoka Lubao hadi Malava, msimu wa kuvuna miwa. Matrekta ya kuelekea viwanda vya Butali na West Kenya hutembea mwendo wa mtu anayekimbia, yakiburuta trela zilizojaa kupita kiasi, miwa ikining'inia nje pande zote. Taa ya nyuma ama haipo ama imezibwa na miwa yenyewe. Aliyejitahidi sana amefunga kitambaa chekundu, rangi ambayo gizani haina tofauti na nyeusi. Lami imelowa na inang'aa. Mbele kunatokea basi la kwenda Kitale limewasha taa zote, na dereva wake hana habari ya kuzishusha. Kwa dereva yeyote, hizo ni sekunde tatu au nne za kubahatisha. Dereva mwenye mtoto wa jicho, kwake taa zile hazibaki mbili. Hutawanyika zikawa ukuta mweupe, na nyuma ya ukuta huo trekta hutoweka kabisa. Anaendelea kukanyaga mafuta kwa sababu hajui kwamba kuna kitu hakioni.

Hilo la kutojua ndilo kiini cha yote. Kuishi kwingi ni kuona mengi, walisema wahenga, lakini jicho la miaka 60 hupitisha takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la miaka 20. Mabadiliko huja polepole kiasi kwamba mwenye macho hulaumu taa za gari, kioo chenye vumbi, au Kenya Power. Glakoma ni mjanja zaidi. Huanza kula pembe za macho bila maumivu, katikati kukibaki safi, na ubongo huziba mapengo kwa kukisia. Mgonjwa anaweza kusoma gazeti vizuri na asimwone mtu anayeingia barabarani kutoka kushoto. Watu wenye asili ya Afrika huipata zaidi, na huipata mapema, wengine hata hawajafika miaka 50. Kisukari nacho huharibu macho ya watu ambao bado wako kazini wakiendesha malori. Ndiyo maana anayetaka kulinda barabara kwa kutazama tarehe ya kuzaliwa atawasumbua wazee wanaoona vizuri, na kuwapita vijana wasioona.

Uingereza inaonyesha udhaifu wa kumwachia dereva ajitangaze mwenyewe. Huko leseni huisha mtu anapofika miaka 70, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 3 kwa dereva kujaza fomu akisema yu mzima. Januari 2019 Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth, akiwa na miaka 97, aliingia barabara kuu karibu na Sandringham na kugongana na gari lililokuwa na wanawake wawili na mtoto mchanga. Gari lake lilipinduka. Katika barua ya kuomba radhi alisema jua lilikuwa limeinama chini juu ya barabara na hakuliona gari likija. Wiki chache baadaye alirudisha leseni. Fomu aliyokuwa ameijaza, bila shaka, aliijaza kwa uaminifu.

Kupima macho ni jambo jingine, na lina ushahidi. Jimbo la Florida, Marekani, lilianza Januari 2004 kumtaka kila dereva wa miaka 80 na zaidi apimwe macho anapohuisha leseni. Watafiti waliolinganisha miaka ya kabla na ya baada walikuta vifo vya madereva wa umri huo vimeshuka kwa asilimia 17, wakati vya madereva wa umri wote katika jimbo hilo vilipanda. Sehemu ya maelezo ni kwamba baadhi hawakurudi kabisa kuomba leseni. Lakini uko utafiti mwingine wa kufurahisha zaidi, uliofanyika Alabama na kuchapishwa mwaka 2002 na Cynthia Owsley na wenzake: miongoni mwa madereva wazee wenye mtoto wa jicho, waliofanyiwa upasuaji walipata ajali kwa kiwango cha takriban nusu ya wale ambao hawakufanyiwa. Maana yake ni kwamba kipimo si lazima kimwondoe mzee barabarani. Kinaweza kumpeleka kwa daktari na kumrudisha akiona majina ya vituo alivyokuwa akivikisia.

Na hapa ndipo Kakamega ina haki ya kuinua sauti. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilicho hapa mjini kando ya barabara hiyohiyo ya Webuye, hufundisha shahada ya optometria. Vijana wanaosomea kupima macho hupita langoni kila siku, mita chache kutoka kwenye foleni ya magari yanayoendeshwa na watu ambao hawajapimwa macho tangu wapate leseni. Ukishuka upande wa Vihiga kuna Hospitali ya Macho ya Sabatia, ambako wagonjwa wa mtoto wa jicho kutoka Magharibi nzima hufanyiwa upasuaji. Hospitali za Malava, Butere, Iguhu na Lumakanda zinaweza kubandika chati ya herufi ukutani kesho asubuhi. Kaunti hii haikosi wataalamu wala wagonjwa. Kilichokosekana ni mstari mmoja kwenye mfumo wa NTSA unaosema: weka matokeo ya macho hapa.

Wengi wa Kakamega waliofanya kazi Dubai hawatalishangaa pendekezo hili. Kule kuhuisha leseni bila kupimwa macho hakuwezekani. Mtu huingia duka la miwani lililoidhinishwa, husoma herufi, matokeo huingia kwenye mfumo, naye huondoka na leseni. Dereva wa kutoka Mumias aliyefuata utaratibu huo ugenini bila kunung'unika hurudi nyumbani akakuta hakuna anayemuuliza, na yeye mwenyewe hulisahau. Isitoshe, kipimo cha wote hakimpi mzee sababu ya kuona amebaguliwa. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa misingi ya umri, na cha 57 kinawahakikishia wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Ni kweli Katiba hiyohiyo inawastaafisha majaji wakifika miaka 70, na 2016 majaji wawili wa Mahakama ya Juu walipigana kortini hadi dakika ya mwisho kuhusu tarakimu hiyo. Mamlaka ikileta sheria ya umri pekee, ijiandae kwa kesi kama hizo kutoka kwa walimu wakuu wastaafu, watu ambao wana muda, wana pensheni, na wamezoea kushinda mabishano.

Pingamizi la kwanza litakuwa rushwa. Kila Mkenya anajua kwamba fomu yenye muhuri inaweza kupatikana bila mwenye fomu kufika ilikotoka. Pingamizi hilo ni zito, na dawa yake ni kutotoa fomu kabisa. Mtaalamu wa macho aingize matokeo mwenyewe kwenye mfumo, kwa jina lake na kituo chake, ili yule atakayegunduliwa kuwapitisha watu mia tano kwa siku moja ajulikane siku hiyohiyo. Pingamizi la pili ni gharama. Leseni ya kadi ya kisasa inauzwa shilingi 3,050. Mtu aliyeweza kulipa hizo, na mafuta, na bima, anaweza kupima macho mara moja kila miaka 3. Anayepokea shilingi 2,000 za mpango wa serikali wa Inua Jamii kila mwezi kwa kawaida hana gari; akiwa nalo, apimwe bure.

Kuna jambo ambalo chati ya herufi hailifikii. Baba anayeona vizuri anaweza kusahau njia ya kurudi kutoka mjini aliyoipita miaka 50. Anaweza kupatikana Kaburengu akiwa na mafuta kidogo na kisingizio kikubwa. Katika nyumba za Kiluhya hakuna kazi ngumu kama ya mwana kumwomba babake funguo za gari. Mzaliwa wa kwanza humsukumia wa pili, wa pili humpigia shangazi simu, shangazi husema ngoja Krismasi wote wakija, na Krismasi ikifika mzee ndiye anayekwenda kuwachukua stendi. Familia kama hiyo inahitaji mtu wa nje wa kubeba lawama. Daktari au jamaa awe na njia ya siri ya kuiomba Mamlaka imwite dereva fulani kutazamwa, awe wa umri wowote, na kutazamwa huko kufanyike kwenye barabara anazozitumia, ndani ya gari lake mwenyewe, bila ubao wa kigari cha kuchezea.

Na akionekana amepungua, hukumu isiwe moja tu. Jimbo la New South Wales, Australia, humtaka dereva aliyefika miaka 85 achague: afanye mtihani wa barabarani kila baada ya miaka miwili, ama apokee leseni yenye mipaka ya umbali. Illinois, jimbo pekee la Marekani lililokuwa likimlazimisha mtu kufanya mtihani wa barabarani kwa sababu ya umri tu, kuanzia miaka 79, lilipitisha sheria mwaka 2025 ya kupandisha umri huo hadi 87. Wao wenyewe wameanza kurudi nyuma. Kwetu leseni ya mchana ingetosha kwa wengi: kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ndani ya kaunti na za jirani. Ingemfikisha mzee kanisani, kliniki, soko la Lubao na matangani, na ingemtoa kwenye barabara ya Webuye kabla matrekta hayajageuka vivuli. Wapo wazee wengi ambao tayari wamejiwekea sheria hiyo bila kuambiwa. Kuiandika kwenye leseni kungewapa tu cha kumwonyesha mwana anayewapigia simu usiku kutaka achukuliwe.

Kibandiko kiachwe kabisa. Mbali na aibu ya Japani, hapa kina hatari yake: gari lenye alama ya mzee likisimama peke yake kwenye giza la Ejinja linamwambia mwizi kila anachotaka kujua.

Ombi la mwisho ni la majaribio, na ni dogo. Mamlaka ichague kaunti moja ianzie hapo, na kaunti hiyo iwe Kakamega, kwa kuwa chuo kipo, hospitali zipo, na barabara mbaya ya kupimia mafanikio ipo. Kwa mwaka mmoja kila anayehuisha leseni akiwa na anwani ya kaunti hii apimwe macho kwanza. Mamlaka ianze na madereva wa matatu za Kakamega hadi Kisumu na wa matrekta ya miwa, kisha wafuate wengine. Mwisho wa mwaka NTSA ichapishe hadharani wangapi walipimwa, wangapi walihitaji miwani tu, wangapi walipelekwa Sabatia, na walikuwa na umri gani. Tarakimu hizo zikionyesha kwamba wazee ndio wasioona, mjadala wa umri ufunguliwe upya, na mwandishi wa barua hii ataukubali. Zikionyesha kwamba kipofu mkubwa alikuwa dereva wa miaka 38 aliyebeba abiria 14, wabunge watajua pa kuanzia.

Wenu,
Mkazi wa Kakamega.